Muulize Fundi: Elfu tisa kwa mita au elfu kumi na mbili kwa boksi?

SWALI: Fundi, salaam. Tumehamia nyumba yetu Kihonda, Morogoro, na chini kote ni niru, ile saruji iliyosuguliwa ikawa laini. Mume wangu yuko Mtwara kikazi, katuma hela ya vigae na kaniachia mimi kusimamia. Ni sebule ya mita 5 kwa 4, vyumba viwili vya mita 3 kwa 3.5 kila kimoja, na bafu. Nimeshapenda vigae vya sentimita 60 kwa 60. Wamekuja mafundi wawili. Kijana anataka 12,000 kwa boksi, nimpe nusu mkononi, Jumatatu anaanza. Wa pili ni mtu mzima, anataka 9,000 kwa mita, ila anasema niru lazima idonolewe kwanza kwa tindo, na hiyo ni 60,000 pembeni. Bafu wote wanasema tutaongea. Majirani wananiambia huyu mzee ananipiga. Nimchukue nani?
Mama K., Kihonda

JIBU: Mama K., majirani zako wana huruma lakini hesabu hawajapiga. Mmoja kakutajia boksi, mwingine mita, na bei mbili za namna hiyo huwezi kuzilinganisha mpaka uzilete kwenye kipimo kimoja.

Vigae vya 60 kwa 60 kwa kawaida hukaa vinne kwenye boksi, yaani mita za mraba 1.44. Sebule yako ni mita 20, vyumba viwili ni 21, jumla 41. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unakwenda kwenye 45, ambazo ni boksi 32. Kijana kwa boksi hizo anakula 384,000. Mzee kwa mita 41 anakula 369,000. Umeona? Kwenye kupanga vigae, mzee ndiye wa bei ya chini. Ukimwongezea 60,000 zake anafika 429,000, na hiyo 45,000 anayomzidi kijana inatokana na niru peke yake. Swali lako basi ni kama kudonoa niru kuna maana, na mimi nakwambia kuna maana kuliko hata rangi ya kigae uliyoipenda.

Niru imesuguliwa ikateleza. Ukiimwagia saruji juu, au hata gundi ya vigae ya mfuko, haina pa kung'ang'ania. Mwanzoni huoni kitu, nyumba inang'aa, wageni wanasifia. Baadaye unapita na ndoo unasikia kigae kinalia ko, ko, kitupu chini. Mguu wa kabati ukikaa hapo kinapasuka. Na ukija msimu wa joto, vigae vikitanuka bila nafasi, vinanyanyuka viwili viwili katikati ya sebule kama hema. Ndiyo maana fundi anashika tindo na nyundo, anaichubua sakafu yote iwe na makovu, anafagia vumbi, analoweka kwa maji, ndipo anaanza. Kazi ya vumbi na mgongo, si ya kupewa bure.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mzee, ila usimpe kazi kwa barua yangu tu. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoifanya zamani kidogo, siyo ya mwezi uliopita. Iwe imeshaonja masika. Nenda na sarafu. Gonga vigae pembeni, kwenye kona, maana mafundi wengi wanaweka tonge la saruji katikati na kuacha kona zikielea. Kisha omba kuingia bafuni, mwaga maji kopo moja sakafuni, simama utazame. Maji yakitafuta tundu yenyewe, huyo anajua kazi. Yakituama pembeni ya mlango, shukuru kwa soda uliyokaribishwa, urudi nyumbani.

Mtu akikuonyesha cheti cha VETA ni vizuri, na siku hizi VETA wanawarasimishia ujuzi hata waliojifunzia saiti. Lakini hata mwenye cheti, gonga vigae vyake.

Hela. Nusu mkononi kabla ya kazi sikubaliani nayo, hata angekuwa mtoto wa dada yako. Fundi ana haki ya hela ya kula kila siku, na hiyo uiandike, ikatwe kwenye jumla. Kinachobaki kigawe: sehemu ya kwanza akimaliza kudonoa na kupanga chumba kimoja ukakiona, ya pili vigae vyote vikilala, na ya mwisho, iwe ya kuuma kidogo, baada ya grauti, ile ya kuziba mianya kati ya vigae, kukauka na wewe kupita na sarafu yako. Andikeni kwenye karatasi ya daftari, mtie saini, mjumbe awe shahidi. Vifaa nunua mwenyewe. Mkienda pamoja ni bora zaidi, na risiti ibaki kwako. Vigae viwe vya kiwanda cha Chalinze au cha Mkuranga, hapo hakuna tofauti: kabla hujalipa, soma ubavuni mwa maboksi kuna namba ya toleo na rangi. Zote zifanane. Zikichanganyika, sebule mchana itakuwa na mabaka. Boksi moja lifungie stoo, kwa sababu baada ya mwaka hutaipata namba ile tena.

Siku ya kuanza mwulize swali moja: vipande vya kukatwa vinaangukia wapi? Kigae kizima kianzie mlangoni, vipande viishie ukuta wa nyuma ya makochi. Akikuangalia kwa mshangao, simamisha kazi mwongee kwanza. Na milango, mama yangu! Sakafu itapanda karibu sentimita mbili. Mwite seremala apunguze milango chini, la sivyo itakwama yote siku hiyo hiyo.

Bafu lisibaki kwenye "tutaongea". Lina bei yake kwa sababu lina kuta, kona nyingi na mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Chini usiweke vya 60 kwa 60, havikunjiki kufuata mteremko. Chukua vya 30 kwa 30 vyenye ngozi ya kukwaruza.

SWALI: Vigae viwili vya ukutani jikoni vimedondoka. Fundi anasema nisibomoe, abandike vipya juu ya hivi vilivyobaki. Inawezekana?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Inawezekana pale tu vya zamani vimeshika vyote, na kwa gundi maalumu ya kazi hiyo. Vyako vimeshaanza kuanguka. Ukiviongezea mzigo juu vitashuka na vipya. Gonga ukuta mzima, vinavyolia, toa. Halafu geuza kimoja ulichookota, dondoshea tone la maji mgongoni. Likinywewa mara moja, ni kigae kinachokunywa maji, na kama kilibandikwa kwa saruji bila kulowekwa kwenye ndoo, kiliinyonya saruji maji yake kabla haijakomaa. Mwambie fundi aloweke safari hii, kama anatumia saruji. Akitumia gundi ya mfuko, afuate maelekezo yaliyoandikwa kwenye mfuko.

SWALI: Nataka vigae vya kung'aa barazani, mbele ya nyumba. Mke wangu hataki.
Mzee S., Tanga

JIBU: Msikilize mkeo. Mvua ikipiga kidogo hapo patateleza, na wajukuu hawatembei, wanakimbia. Vya kung'aa viweke ndani. Barazani weka vyenye ngozi ya kukwaruza.