Tazama Kinachofuata Baada ya "Believe"

Ninapohariri tafsiri za wenzangu kutoka Kiingereza, hakuna kitenzi ninachokitilia shaka kama "believe", kwa sababu kinaonekana chepesi na kila mtu tayari ana "kuamini" mdomoni. Ushauri wangu ni kwamba usikitafsiri kabla ya kutazama kinachokifuata.

Chukua sentensi "I believe the manager is in his office". Anayesema hivyo hatangazi imani yoyote. Anajihadhari tu, ili meneja asipopatikana huko yeye asionekane mwongo. Kwa Kiswahili angesema "Nadhani meneja yumo ofisini" au "Kama sikosei, yumo ofisini mwake", ilhali "Naamini meneja yumo ofisini" huipa kauli yake uzito wa kiapo ambao hakuukusudia. Matumizi haya ya tahadhari ni ya kawaida mno katika barua za kikazi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayopotoshwa kuliko mengine yote.

Kikiongezwa kihusishi "in", mambo hubadilika. "I believe you" maana yake ni kwamba nayasadiki uliyoyasema, lakini "I believe in you" ni kusema kwamba nina imani na uwezo wako, kiasi kwamba mzazi anaweza kuwa na imani kamili na mwanawe huku akikikataa kabisa kisingizio alichokitoa leo asubuhi. Kihusishi hichohicho huonyesha pia kukubali kwamba kitu kipo, kama vile Mungu au mizimu, na wakati mwingine kuona kwamba jambo fulani linafaa: anayeelezwa kwa maneno "He doesn't believe in borrowing" hakatai kwamba mikopo ipo (nani angekataa?), bali haoni vyema kukopa.

Kuhusu umbo, wingi wa nomino "belief" ni "beliefs", wala si "believes", ambacho ni kitenzi. Vilevile epuka "I am believing"; sisi hushawishika kuiandika kwa sababu "ninaamini" yetu hubeba wakati wa sasa bila kutofautisha hali ya kudumu na tendo linaloendelea.

Nomino nayo ina mtego wake. Katika habari za dini "imani" hutosha, lakini "political beliefs" ni itikadi za kisiasa, na mhariri makini hatakubali uziite imani.