Siti namba 1 inatokea mwisho: kugeuza bitset kuwa maandishi kwenye C++

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Ujiji, Kigoma, naandika programu ya C++ ya kukatia tiketi za basi la Kigoma–Tabora lenye siti 52. Natumia `std::bitset<52>`, yaani safu ya biti 52 za 0 au 1, kila siti na biti yake: biti ikiwa 1, siti imeuzwa. Mambo mawili yananisumbua. Nikiigeuza kuwa maandishi, siti namba 1 inatokea mwisho kabisa, kulia. Halafu nikihifadhi kama namba kwa `to_ulong()`, kwenye laptopu yangu ya Linux ni shwari, ila kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows programu inakufa. Siku nyingine haifi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Nianze na la pili, maana hilo ndilo litakalokugombanisha na wakala alfajiri, abiria wamepanga foleni na mizigo yao.

`to_ulong()` inakurudishia `unsigned long`. Kwenye Linux ya biti 64, aina hiyo ina biti 64, kwa hiyo siti zako zote zinaenea. Kwenye Windows ina biti 32 tu, hata kama mashine yenyewe ni ya biti 64. Ikiuzwa siti yoyote kuanzia ya 33, thamani haienei tena, na bitset inarusha `std::overflow_error`. Usipoidaka, programu inazimika. Ndiyo maana siku ambayo nyuma ya basi hakuna mtu huoni shida yoyote. Jaribu mwenyewe pale ofisini: uza siti ya 32 peke yake, itapita, uza ya 33, chali.

Dawa ya haraka ni `to_ullong()`, iliyopo tangu C++11, ambayo ina biti 64 kote kote. Lakini akija tajiri mwenye basi la siti 65, umerudi palepale. Mimi ningehifadhi maandishi. `to_string()` haijali ukubwa, na herufi 52 kwa safari moja si mzigo kwa diski yoyote.

Sasa mpangilio. Tuchukue kigari cha siti 8, zimeuzwa ya 1, ya 2 na ya 5:

```cpp
std::bitset<8> b;
b.set(0), b.set(1), b.set(4);
std::cout << b.to_string(); // 00010011
```

Hakuna kosa hapo. Bitset inaandikwa kama namba tunavyoziandika siku zote, mamoja yakiwa kulia. Biti ya 0 inakaa mwisho, biti kubwa inatangulia. Kinachowapiga watu chenga ni kwamba `b[0]` ni siti ya 1, lakini ukishapata `s` kutoka `to_string()`, `s[0]` ni siti ya 8. Ukichanganya hizo mbili, utamuuzia mtu siti yenye mwenyewe.

Kwa macho ya konda, geuza:

```cpp
std::string s = b.to_string('.', 'X');
std::reverse(s.begin(), s.end()); // XX..X...
```

Weka `<algorithm>` juu ya faili. Herufi hizo mbili kwenye mabano unachagua mwenyewe: ya kwanza ni ya siti tupu, ya pili ni ya iliyouzwa. Ila geuza kwa ajili ya kioo na karatasi tu. Faili la kuhifadhi liache na mpangilio wake wa asili, kwa sababu `std::bitset<52> b(s);` inasoma kwa mpangilio huohuo. Ukiweka nukta na X humo, `std::invalid_argument` itakungoja.

Na usikimbilie maandishi mapema. Abiria wako wengine wanashuka Uvinza, wengine Kaliua au Urambo, na siti zao zinaweza kuuzwa tena. Weka bitset moja kwa kila kipande cha njia, kisha uunganishe:

```cpp
auto zote = k1 | k2 | k3 | k4;
std::cout << (~zote).count();
```

Umepata idadi ya siti zilizo wazi kutoka Kigoma hadi Tabora bila kitanzi (loop) hata kimoja. Kwa maandishi matupu ungeandika mistari mingi, na mdudu (kosa la programu) angepata pa kujificha.

Jihadhari na basi kubadilishwa. Maandishi ya herufi 52 ukiyapakia kwenye `bitset<45>`, hutapata onyo lolote: inachukua herufi 45 za mwanzo, yaani siti za 1 hadi 7 zinapotea na zilizobaki zote zinasogea nafasi saba, ya 8 inakuwa ya 1. Kabla ya kupakia, linganisha `s.size()` na 45. Zikitofautiana, kataa na umwambie wakala apange abiria upya.