Plagi nyeusi si hukumu ya kabureta

SWALI: Ninaendesha bodaboda Morogoro mjini, pikipiki ya sisi (cc) 125 yenye kabureta. Fundi alitoa plagi, akaikuta nyeusi, akasema petroli imezidi hewa, akakaza skrubu ya kabureta. Plagi bado ni nyeusi, na sasa pikipiki inasitasita ninapoondoka. Je, nipunguze jeti kubwa, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli akselereta ikivutwa yote?

JIBU: Usiiguse jeti, na skrubu irudishwe ilipokuwa. Plagi hueleza namna injini ilivyofanya kazi muda mfupi kabla ya kuzimwa, na ya kwako ilitolewa baada ya kutwa ya safari fupi na kusubiri abiria injini ikiwa sailensa (inanguruma bila akselereta), hali ambayo ncha ya kauri ya plagi haifikii nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi zinazotosha kuunguza masizi. Skrubu hiyo nayo hutawala sailensa na mwanzo wa akselereta tu. Tena ikiwa upande wa injini, kuikaza hupunguza petroli, lakini ikiwa upande wa chujio hupunguza hewa, yaani huongeza kile kile alichotaka kukipunguza.

Kagua kwanza chujio la hewa na choki. Masizi yakiwa na unyevu wa oili, tatizo liko kwenye ringi au sili za valvu, wala si kwenye kabureta.

Anayetaka kuisoma jeti kubwa huweka plagi mpya, huendesha injini iliyokwisha kupata moto kwa akselereta yote kwenye barabara ndefu isiyo na watu, huzima swichi na kushika klachi kwa pamoja, kisha hutazama kwa kioo cha kukuzia shina la kauri lililozama ndani ya chuma. Sijamwona fundi wa kijiweni akifanya hivyo.

Wengi wao bado wanaitafuta ile rangi ya kahawia ya enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyoondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya leo huacha kauri ikiwa karibu nyeupe hata injini ikiwa nzima, kwa hiyo anayepanua jeti mpaka aione kahawia anamtoza mteja wake kila siku kule sheli. Wabaya zaidi ni wanaoibana jeti ili "kuokoa mafuta": injini inayopozwa kwa upepo hupanda joto, valvu ya ekzosi huungua, na kichwa cha pistoni huweza kutoboka. Silinda za namna hiyo nimezifungua nyingi, na wenyewe hunisimulia kwa fahari jinsi pikipiki ilivyokuwa ikitumia mafuta kidogo.