Mwulize Mfamasia: Sindano moja inakaaje mwezi mzima?

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana saratani ya tezi dume na kila mwezi anachomwa leuprolidi. Muuguzi anachanganya unga na maji yake maalumu, unakuwa mweupe kama maziwa. Dawa hiyo inakaaje mwilini mwezi mzima? Kuna jirani kamwambia baba anawekewa plastiki, sasa mzee hataki kurudi kliniki. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na mzee mpe pole. Usimfiche: ni plastiki kweli. Ila ni ya ukoo mmoja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe baada ya upasuaji. Imeungwa kwa asidi mbili, laktiki na glikoliki, na hiyo laktiki hata misuli yake huitoa akifanya kazi nzito. Maji ya mwilini huikatakata polepole, na mwisho hubaki maji na kabonidayoksaidi, ambayo ataitoa kwa pumzi.

Ule unga ni vitufe vidogo mno, na namna vinavyotengenezwa hunistaajabisha mpaka leo. Dawa huyeyushwa kwenye maji kidogo. Plastiki huyeyushwa kwenye diklorometheni, kimiminika kinachoruka upesi na kisichopatana na maji. Vikikorogwa kwa nguvu, vijitone vya dawa hutawanyika ndani ya plastiki. Kisha vyote humiminwa kwenye maji mengi yenye polivinili alikoholi, inayozuia matone yasishikane. Hapo ni kukoroga tu hadi diklorometheni iruke, na kila tone ligande kuwa kitufe chenye dawa tumboni. Huchujwa, huoshwa, hugandishwa na kukaushwa. Kazi yote hufanywa pasipo vijidudu, maana vitufe hivi huwezi kuvichemsha.

Dawa iliyo karibu na uso wa kitufe hutoka siku za mwanzo. Iliyo ndani husubiri plastiki imong'onyoke. Kwa hiyo muda hupangwa kiwandani. Ya baba yako, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, ina laktiki sehemu tatu kwa glikoliki moja. Ya miezi mitatu ni laktiki tupu, ambayo huchelewa zaidi kukatika.

Kwa sababu hiyo, mtu asikushauri kununua sindano ya miezi mitatu mkaigawa mara tatu. Theluthi yake haitoi dawa kwa kasi ya sindano ya mwezi, na homoni ya kiume, ambayo saratani hii huitegemea, inaweza kupanda tena. Tarehe ya kliniki nayo isipitwe. Siku ya sindano kaa naye: unga ukishachanganywa achomwe papo hapo, kwa sababu vitufe hutuama chini ya bomba. Ukiona umewekwa kando foleni ikisonga, mwambie muuguzi kwa adabu autikise taratibu kwanza. Zikipita saa mbili, huo ni wa kutupa.