Sonona na msongo wa mawazo ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro. Tumeandaa kipeperushi cha afya ya akili, nami niliandika "sonona". Mwenzangu aliyesomea Mombasa akasema neno ni "unyogovu". Mhariri akafuta yote mawili akaweka "msongo wa mawazo", eti ndilo wanalolijua watu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako anawajua watu, ila ugonjwa ameukosea.

Niruhusu nianze na neno ambalo hukuliuliza: mawazo. Wazo moja ni jambo jema. Mtu akija nalo kikaoni hushukuriwa. Yakiwa mawazo, tena yakitajwa peke yake, yanageuka mzigo. Tukisema "dada ana mawazo" hatumsifu kwa kufikiri. Tunamaanisha ada ya mtoto, rejesho la kikoba, mume aliyeondoka wiki ya tatu sasa bila kupiga simu. "Amekonda kwa mawazo" haihitaji kamusi.

Msongo nao umetokana na kusonga, yaani kubana na kugandamiza. Ndicho kitenzi kile kile cha kusonga ugali, na ndicho kilichozaa msongamano wa magari. Kwa hiyo msongo wa mawazo ni kubanwa na mahangaiko, na mara nyingi kinachobana unaweza kukitaja kwa jina. Ada ikilipwa, unapumua. Mtafiti Hans Selye, aliyeandika utafiti wake wa kwanza juu ya hali hii mwaka 1936, naye aliazima neno la wanafizikia, "stress", linalohusu kani inayokaza kitu, kwa hiyo picha yetu haiko mbali na yake.

Sonona ni habari nyingine. Kusonona ni kuumia moyoni, na ndugu zake ni kusononeka na masononeko. Wapo wanaolalamika kwamba kitenzi kimevishwa unomino bila hata kiambishi, na kwamba tungesema "usononi". Kisarufi wana hoja. Lakini neno limeshapata upatanisho wake (sonona hii, sonona yake), na wataalamu wa Tanzania wanalitumia kwa ugonjwa mmoja mahususi, ule unaoitwa "depression" kwa Kiingereza. Mimi siligusi. Ugonjwa huo haungoji sababu: ada imelipwa, mume amerudi, na bado mtu haoni ladha ya kitu. Msongo wa muda mrefu unaweza kuuchochea, ndiyo, lakini chanzo cha ugonjwa hakiwi jina lake.

Wala sonona si kila huzuni. Aliyefiwa ana majonzi, ana simanzi, pengine ameshikwa na kihoro. Hayo tuyaache yalivyo, lugha imeyatengea maneno yake tangu zamani.

Mwenzako wa Mombasa hajakosea. Unyogovu hutumika, hasa katika maandishi ya Kenya na katika tafsiri, ingawa mimi nimelikuta kwenye karatasi zaidi kuliko midomoni mwa watu. Kipeperushi kinachosomwa Morogoro kibaki na sonona.

Neno la kuchunga zaidi, hasa kwa muuguzi, ni presha. Kijana akisema "usinipe presha" analalamika kwamba unamharakisha. Mama akisema "nina presha" huenda anataka kupimwa shinikizo la damu. Muulize kwanza. Na "kisaikolojia" tumelichosha: siku hizi hata timu ikifungwa mabao mawili, shabiki "ameathirika kisaikolojia".

Kwa kuwa si kila msomaji analijua neno sonona, lieleze hapo hapo, kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe angeyatumia. Mathalani: "Sonona ni ugonjwa. Mtu mwenye sonona moyo wake huwa mzito, au hukosa hamu hata ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi na hamu ya kula huweza kubadilika, na mwili huchoka bila kazi. Hospitali wanautibu."

Msongo wa mawazo usiutupe. Mwambie mhariri aupe aya yake, chini ya hiyo, na mfano wa ada ya shule.