Mwanangu, utani una wenyewe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hapo kazini Kariakoo una rafiki yako Mzaramo, kutwa mnaitana "mtumwa wangu" na hakuna anayenuna. Juzi ukamwiga kijana wa stoo anavyokwama kwenye neno kwa kigugumizi chake. Watu wakacheka, yeye akaweka chini katoni aliyobeba, akatoka nje. Mzee mmoja akakwambia umemdhihaki, nawe ukamjibu ulikuwa unatania tu. Sasa unaniuliza: inakuwaje kumwita mtu mtumwa kuwe utani, halafu kuiga sauti tu kuwe dhihaka?

Nitakujibu kwa kirefu, maana siku hizi kila anayemwaibisha mwenzake anasema anatania, na jambo hili linaniuma.

Utani ni udugu, na una wenyewe. Katika karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku Tabora hadi Bagamoyo, wiki kwa wiki kwa miguu. Walifika pwani wageni, wengine wagonjwa. Wazee wetu wanasimulia kwamba utani wetu na Wazaramo ulitoka huko: watu walipokeana, wakagombana, wakapatana, na aliyefia ugenini akapata wa kumzika. Ndiyo maana mpaka leo mtani ana kazi msibani.

Babu yako alipofariki ulikuwa mdogo sana, huwezi kukumbuka. Mtani wetu alivaa koti la marehemu, akapita katikati ya wafiwa akitembea kama yeye, akikohoa kama yeye. Kaburi lilipokuwa tayari akaruka ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe. Shangazi zako, macho mekundu kwa kulia, wakacheka huku wakifungua mafundo ya kanga kutafuta hela. Hakuna aliyemkasirikia. Lakini mtani huyo ndiye aliyeshika jembe tangu alfajiri, na wanawake wa kwao ndio waliokesha jikoni wakitupikia. Siku msiba ukiwa kwao, kazi hiyo ni yetu, na mdomo huo ni wetu pia.

Sasa mtazame yule kijana. Ana undugu gani na wewe wa kukuruhusu? Umewahi kumfanyia nini? Na kubwa kuliko yote, angekujibu nini? Mzaramo wako ukimrushia neno anakurudishia mawili, tena makali kuliko lako. Utani unajibiwa kwa ulimi, na wewe ulimpiga mwenzako kwenye ulimi huohuo unaomsumbua, mbele ya watu wanaomngoja ashindwe. Alichobaki nacho ni mlango.

Usijitetee kwamba maneno yako yalikuwa mepesi. Uzito haupimwi hapo. Soma Mathayo 27: askari walimvika Yesu taji ya miiba, wakampigia magoti, wakasema, "Salamu, Mfalme wa Wayahudi!" Ukiyasikia maneno yale peke yake ni ya heshima tupu. Biblia inasema wakamdhihaki. Na ndugu zetu Waislamu wana aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat, inayokataza watu kudharau watu wengine, kwani huenda hao wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Dhihaka ni kumshusha mtu ili wengine wamwone mdogo, hata kama kinywani umeweka sifa.

Lugha yetu inayatenga mambo haya, ila sisi tunayachanganya kwa uvivu. Anayekupongeza "hongera, bingwa" siku uliyoshindwa anakukejeli. Anayeguna ukitoa wazo, kana kwamba hakuna lolote la maana linaloweza kutoka kwako, anakubeza. Kijembe hakitaji jina, lakini kila aliyeketi pale anajua kimemlenga nani; mjini hata kanga inavaliwa kwa kazi hiyo. Masimango ndiyo ninayoyaogopa zaidi nyumbani, maana yanatoka kwa aliyekusaidia: anakupa sahani ya wali leo, kesho anakuhesabia punje. Mzaha na masihara havina ubaya vyenyewe, mradi anayefanyiwa naye anacheka. Akiacha kucheka, acha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na walikuwa wameona.

Kuna watani wengine pia, usije ukadhani nakufungia mdomo. Bibi yako alikuita "mume wangu" na kukusema huleti mboga nyumbani, nawe ukamjibu hajui kupika. Shemeji zako una ruhusa nao. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na ni sawa, kwa sababu aliyefungwa leo anajua zamu yake ya kucheka itafika. Ila kwa kilema cha mtu, kigugumizi chake, ngozi yake, umaskini wa kwao, hakuna zamu. Hapo hujafa hujaumbika.

Nenda kamwombe radhi. Ulimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo usimvizie pembeni. Waliocheka nao wasikie. Usiseme "nilikuwa natania", wala "kama nimekukosea". Sema, "Nilikudhihaki, nisamehe." Akikataa, usimlazimishe acheke ili wewe upate nafuu. Akitaka kukujibu, mngoje. Neno likikwama, usimmalizie, hata kama unalijua.

Mama yako,
Tabora