Kwa mnaoanza shamba la familia: ijueni Januari kabla hamjahesabu heka

Kamwene ndugu zangu. Naona siku hizi watu wengi wanarudi kijijini, wengine wamestaafu, wengine vijana wameoana juzi tu wanataka kuanzia maisha shamba, na maswali ninayoulizwa ni yale yale, heka moja inatoa gunia ngapi, nyanya zinalipa shingapi, nguruwe mmoja anazaa wangapi. Sio maswali mabaya ila sio hayo yanayoangusha watu. Mimi nipo huku Ilula, Kilolo, mkoa wa Iringa, tunalima mahindi ya kula na ya kuuza kidogo, kipande cha nyanya wakati wa kiangazi, kuku wa kienyeji, na nguruwe bandani. Tupo mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe ambaye kwenye mambo ya kuku yeye ndo waziri, hakuna jogoo anayechinjwa bila ruhusa yake. Sasa nikiwaangalia waliokuja wakalima misimu miwili mitatu wakafunga virago, wachache sana walishindwa na mvua au wadudu. Wengi walishindwa na Januari.

Nieleze, maana mtu wa mshahara haijui Januari ya shamba. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba hivi (kuna mwaka inatokea Novemba mwishoni, kuna mwaka inawachezea shere mnapanda mara mbili) mpaka Aprili. Kwa hiyo Januari ndo mahindi yanadai palizi na mbolea ya kukuzia kwa wakati mmoja, vibarua wamepanda bei kwa sababu kila mtu anawataka, ghalani unaanza kuona sakafu, na shule zinafunguliwa. Ada serikalini imefutwa sawa, lakini sare haijafutwa, kiatu hakijafutwa, madaftari hayajafutwa. Na shambani hakuna kitu cha kuuza, kila kitu ni kijani tu. Sasa chukua mtu aliyeuza mahindi yake yote mwezi wa saba, mara mchango wa harusi, mara simu imepasuka kioo, kauza wakati kijiji kizima kinauza na bei iko chini, Januari anaenda kuyanunua mahindi yale yale kwa debe kwa bei ya juu, hela ikiisha anakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, mbolea anaikosa, mahindi yanatoka ya njano, mwezi wa tatu anauza shamba zima likiwa bichi kwa mtu mwenye pesa zake. Mwakani hivyo hivyo. Hapo hata umletee mbegu gani ya maajabu haimsaidii.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni ni huu, kabla hujaongeza heka chukua daftari la mtoto la shule, andika miezi kumi na miwili, kila mwezi andika hela inatoka kwenda wapi halafu upande wa pili andika nani hapo shambani anailipa. Nikisema nani namaanisha kuku, nguruwe, mboga, mahindi. Kila mmoja apewe kazi yake na asiingiliwe. Kwetu kuku na mayai wanalipa chumvi, sabuni, vocha, kusaga. Bustani ya mnavu na chainizi pale kwenye maji ya kunawia inalipa mboga na vijisenti vya kanisani. Watoto wa nguruwe wanalipa mbolea na shule. Mahindi kazi yake ya kwanza ni kuliwa. Nyanya hazijapewa jukumu lolote, na nitasema kwa nini.

Nianze na mahindi. Sisi tunapiga hesabu gunia la kilo 100 kwa kila mdomo kwa mwaka, unaongeza moja la wageni na misiba, hilo ni la ndani haliguswi, linalozidi ndo la biashara. Na funguo ya ghala akae nayo mama. Akina baba mnisamehe lakini nimeona mengi. Halafu hata hilo la biashara usilitoe mwezi wa saba kama hujabanwa, subiri, ila kusubiri kuna gharama yake maana kuna dumuzi, wazee wanamwita skania, anaweza kukuachia unga ndani ya gunia wewe unadhani una mahindi. Dawa yake siku hizi ni ile mifuko ya kinga njaa, ya matabaka matatu, haina sumu yoyote, kazi yake ni kuzuia hewa mdudu afe mwenyewe. Kanda hewa itoke, funga tabaka moja moja, weka juu ya mbao mbali na ukuta, na paka awepo, kwa sababu panya akishatoboa tundu moja umeshanunua gunia la kawaida kwa bei ghali.

Ila mfuko hauokoi mahindi mabichi. Watu wanaharakisha sana hapa. Yakaushe juu ya turubai sio juu ya udongo, halafu yapime, na kipimo hakihitaji mashine. Chukua chupa ya soda ya kioo, iwe kavu kabisa, weka chumvi kavu kidogo, tia punje za mahindi kama robo ya chupa, funga, tikisa vizuri, halafu iache robo saa. Ukirudi angalia ukutani mwa chupa, chumvi ikiwa imeng'ang'ania kwenye kioo mahindi bado yana maji, rudisha juani, chumvi ikianguka yote chini, fungasha. Watoto wanaupenda huo mchezo, mimi kazi hiyo nimewaachia. Na sio mchezo kweli, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inashamiri kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo punje zenye ukungu usiseme nitampa kuku, tupa.

Ukiuza, uza kwa mizani. Mnunuzi atakuja na gunia lake lile la lumbesa, linashonewa na kofia juu, atakwambia huku ndo utaratibu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Ukiwa peke yako utaogopa atahama aende kwa jirani, kwa hiyo ongeeni majirani watatu wanne muuze siku moja, lori likija kubeba kwa pamoja hata sauti ya mnunuzi inashuka.

Wadudu wa shambani nitapita haraka kwa sababu bwana shamba wapo, waulizeni. Viwavijeshi vamizi tunao toka 2017, ukipita asubuhi ukaona kwenye moyo wa mhindi kuna kitu kama unga wa mbao hiyo ndo choo yake, piga dawa akiwa mdogo, asubuhi mapema au jioni, ukimchelewa akazama ndani unanyunyizia majani tu. Na mbegu chotara usirudie kupanda, ukitunza ya mwaka jana utapata kimahindi cha ajabu ajabu. Mfuko wa mbegu uwe na lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha mbegu, na uombe risiti, kuna duka moja liliwahi kuuzia watu wa mtaa wetu mbegu iliyoota nusu, waliokuwa na risiti ndo walisikilizwa.

Sasa kuku. Kideri ndo adui, hakina dawa kikishaingia, utaamka asubuhi banda kimya. Lakini kina chanjo ya bei ndogo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kushika kuku mkadondoshea. Tatizo kichupa kimoja ni cha kuku wengi kuliko ulionao na kikishafunguliwa hakitunziki, so mama mkwe wangu anachofanya anapita kwa majirani, tarehe fulani chanjo, kila mtu anatoa mia mbili mia tatu, inafanyika mtaa mzima siku moja. Na kweli ina maana zaidi hivyo, kwa sababu kuku wa jirani ndo anakuletea ugonjwa. Kuku anayeumwa tayari usimchanje ukidhani unamtibu. Halafu mgawie kila mtoto mtetea wake, mayai yakiatamiwa ahesabu siku 21 kwenye kalenda, ile siku ya 21 hatokaa darasani akili ikiwa sawa, akirudi anakimbilia kiotani na sare zake. Mwewe akichukua kifaranga utalia naye kidogo, hayo ndo maisha, mjengee tenga la kufunikia wiki za mwanzo.

Nguruwe ndo benki yetu. Mimba yake haisahauliki, miezi mitatu wiki tatu na siku tatu, sisi tarehe ya dume tunaiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda. Akikaribia kuzaa mpe nyasi kavu, utamwona anazibeba kwa mdomo anatengeneza kitanda, ukibonyeza chuchu maziwa yanatoka, basi usiku huo usilale mbali. Hapa ndo wageni wanapopoteza watoto, sio kwa ugonjwa, mama anawalalia. Pigilia fito au bomba kuzunguka ukuta kwa ndani, kama shubiri moja kutoka ukutani na shubiri moja kutoka chini, mama akijitupa kwenye ukuta mtoto ana pa kupita. Baridi ya Iringa mwezi wa sita na wa saba sio ya kuitania, watoto watengewe kona yenye nyasi nyingi na taa ya kuwapa joto. Siku ya tatu sindano ya madini ya chuma, mwite afisa mifugo. Kuna furaha moja hapo siwezi kuieleza vizuri, saa nane usiku umeshika tochi, unawafuta pua mmoja mmoja unawaweka kwenye ziwa, na yule wa mwisho mdogo kabisa ambaye ulishamkatia tamaa anasukumana na wenzake mpaka anapata.

Upande mbaya ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, mfugaji wa huku hana chanjo ya kukimbilia, na inaletwa na watu. Mnunuzi anayezunguka banda kwa banda asiingie kwako, mtoe nguruwe nje amwone. Mabaki ya hotelini yachemshwe au yasiletwe kabisa. Ukiona wamejikusanya hawali, joto kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu kama vya zambarau, wanaanza kufa, piga simu kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo. Najua kitakachokujia kichwani, uwauze usiku kwa bei ya kutupa angalau upate kitu. Usifanye, ile nyama inapeleka ugonjwa vijiji vitano na mwakani hutapata hata mbegu ya kununua. Ndo maana pia kwenye daftari usiweke kila kitu kwa nguruwe, yeye akiondoka mahindi ya ndani yawepo.

Haya nyanya. Ilula bila nyanya haiwezekani, barabara kuu imepita hapa hapa, malori yanapakia kwenda Dar, na ukiipatia bei utajenga, kweli watu wamejenga. Lakini bei ya nyanya huijui mpaka tenga liko kwenye lori. Unahamisha miche leo, unaanza kuchuma baada ya miezi miwili na nusu au mitatu, huko katikati hujui nani mwingine kapanda. Tafuta namba ya mtu soko la Ilala, Dar, ambaye sio dalali wako, umuulize bei usiku kabla ya kuchuma, maana dalali kila siku kwake soko limejaa. Na kantangaze yupo, yule mdudu anayechora njia nyeupe ndani ya jani halafu anatoboa tunda karibu na kikonyo. Watu wanapiga dawa ile ile kila wiki mpaka anaizoea, badilisha aina, muulize bwana shamba sio muuza duka peke yake. Nyanya zilizotobolewa usizitupe pembeni ya shamba, zifukie au zifunge kwenye mfuko uziweke juani mdudu afie humo. Msimu unaofuata panda mahindi au kitunguu hapo, usipande biringanya wala viazi mviringo, ni ndugu zake. Hela ya nyanya ikija ni ya bati, ya mashine ya maji, ya kununua jike lingine. Isipokuja, hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Nilichosema hazina jukumu ndo hicho.

Mtachoka, nisiwadanganye, kuna siku mgongo unakataa na mume anaulizwa salamu anajibu kwa mkato. Tumieni vile vidogo vya bure. Mwezi wa tatu mahindi mabichi yanachomwa jikoni usiku, hakuna anayehesabu. Majirani wanapita na ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa mvua, kaa nao, hapo ndo utasikia nani ana maksai wa kukodisha na mto ulifurika mpaka wapi mwaka ule, habari ambazo hamna afisa atakayekupa.

Maparachichi pia naulizwa sana. Huko juu kwenye baridi yanakubali, mche wa kubebeshwa (ulioungwa) unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, pandeni pembeni msinyime mahindi nafasi, na kwenye daftari msiyaandike kabisa mpaka muone tunda. Mume wangu miche yake haijafika kiunoni na kashaanza kuulizia bei ya kontena.